Mwanafunzi aliyeumia ubongo: arudi darasani lini, na kwa utaratibu gani?

Mleta mada (Tanga Mjini):

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo ambalo limewagawa wazazi hapa mtaani kwetu Makorora. Kijana wa kidato cha pili aligongwa na bodaboda, akapoteza fahamu, akalazwa, na sasa yuko nyumbani. Wengi wanashikilia kwamba asubiri mpaka apone kabisa, kisha akariri darasa. Mimi naona aanze kurudi mara tu daktari atakapomruhusu, kwa nusu siku na kwa masomo machache.

Mfupa ukiunga, picha huonyesha. Ubongo hauna siku ya namna hiyo. Picha ya kichwa inaweza kuwa safi, huku mwenyewe akichoka kwa kusoma ukurasa mmoja, akisahau alichoambiwa muda mfupi uliopita, na kichwa kikimgonga kwa kelele za wenzake. Kwa mtikisiko mdogo wa ubongo, madaktari siku hizi hushauri mapumziko ya siku moja au mbili, kisha kurejea hatua kwa hatua. Jeraha kubwa huhitaji muda mrefu zaidi, lakini nako kurejea huwa hatua kwa hatua. Anayeambiwa asubiri kupona kabisa huenda asirudi tena, na wengine tumewaona wakibeba mizigo soko la Mgandini.

Linalonitia hofu zaidi ni tabia. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayozuia hasira na papara. Ikiumia, mtoto aliyekuwa mpole hujibu hovyo, hulia ghafla, au huinuka katikati ya kipindi. Mtaani watasema ana pepo, na shuleni wataona ni utovu wa nidhamu, kisha atapigwa konzi. Konzi, kwenye kichwa hichohicho! Pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kumdhuru kuliko lile la barabarani.

Mchangiaji (mwalimu, Muheza):

Mleta mada, nakuheshimu, lakini katika darasa la wanafunzi zaidi ya sabini, nani atamfundisha vipindi vya mchana alivyokosa? Upimaji wa kidato cha pili nao haumsubiri mtu: asipofikia kiwango atakariri tu, na ni afadhali akariri kwa uamuzi wa familia kuliko kwa aibu ya matokeo. Isitoshe, wazazi hutuficha. Mtoto huletwa na maneno mawili, "alikuwa mgonjwa", nasi tunamhukumu kama wengine.

Mleta mada:

Mwalimu, hilo la kufichwa umelisema kweli, na lawama yake ni yetu wazazi. Ndiyo maana nataka barua ya hospitali ieleze mambo yenyewe: akae darasani saa ngapi, apumzike wapi kichwa kikianza kuuma, na asicheze mpira mpaka daktari aridhike. Akae mbele, na mwenzake amwazime daftari ili asihangaike kunakili ubaoni. Hayo hayahitaji mwalimu wa ziada.

Kuhusu kukariri, sipingi moja kwa moja. Napinga kuamua kabla hajaonekana darasani walau muhula mmoja. Kukariri humrudishia mada ambazo pengine bado anazikumbuka, ilhali kilichopungua ni kasi, umakini na uwezo wa kupanga kazi, na mapungufu hayo kwa watoto wengine hujitokeza baadaye, masomo yanapokuwa magumu. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini shule isipotoa taarifa mapema hakuna wa kumwombea. Na ikiwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 uliwafungulia mlango wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, sioni kwa nini huyu aliyelazwa hospitali afungiwe.

Nami nakuuliza, mwalimu wangu, na wengine mlio kazini mnijibu: barua ya hospitali ikifika shuleni kwenu, humfikia kila mwalimu wa somo, au huishia kwenye faili la ofisi ya mkuu wa shule?