Vihisi vya mwisho vinapoteza vipimo mchana: nianzie wapi?

Mwanzisha uzi: Wakuu, habari zenu. Nasimamia mtandao wa vihisi visivyotumia waya unaopima joto na unyevu ndani ya ghala kubwa. Vilivyo jirani na lango la mtandao (kifaa kinachokusanya vipimo vyote) havisumbui, lakini vile vya mwisho, ambavyo taarifa zake hupokezanwa na nodi (vifaa vya mtandao) nyingine nne kabla ya kufika langoni, hupoteza sehemu kubwa ya vipimo mchana, ilhali usiku hutulia. Nimeshauriwa niongeze nguvu ya kurusha mawimbi. Je, ndiyo dawa?

Fundi Mawimbi: Usiiguse kwanza, mkuu. Tofauti hiyo ya mchana na usiku inanifanya niishuku Wi-Fi, ambayo watu huitumia zaidi mchana, kwa kuwa nodi za 802.15.4 (kiwango cha redio za vihisi zinazotumia nishati kidogo) hutumia masafa yaleyale ya 2.4 GHz. Jaribu chaneli ya 26 ya nodi zako, ambayo iko juu ya chaneli ya 11 ya Wi-Fi. Vifaa vyako vikiruhusu, TSCH (mfumo wa 802.15.4 wa kurusha kwa zamu) ni bora zaidi, maana nodi huhama chaneli kwa ratiba na pakiti (furushi la data) iliyokwama hurudiwa kwenye chaneli nyingine. Kisha piga hesabu: kila kiungo, yaani hatua kutoka nodi moja hadi inayofuata, kikifikisha asilimia 90, viungo vitano mfululizo hufikisha 59 tu. Nodi ikirudia hadi mara tatu kila inapokosa uthibitisho wa kupokelewa, upotevu wa kiungo hushuka hadi pakiti 1 kwa 10,000, mradi makosa hayafuatani. Na kwa Wi-Fi hufuatana, kwa hiyo marudio yaachane kidogo.

Mzee wa Nodi: Naafiki, ila lango likizimika, mtandao wote ni bubu. Weka la pili upande wa pili wa ghala: litapunguza viungo na kuzipumzisha nodi za karibu, ambazo huishiwa betri mapema kwa kubeba mizigo ya wenzao. Kila kipimo kipewe saa na nambari ya mfululizo, kihifadhiwe kwenye nodi hadi kithibitishwe. Usisahau muda wa matengenezo: nodi inayofanya kazi saa 1,000 kisha ikasubiri fundi saa 50 inapatikana kwa asilimia 95, akifika ndani ya saa 2, ni 99.8.

Mwanzisha uzi: Nashukuru. Nodi mbili hujizima na kuwaka zenyewe, ingawa betri zake nikizipima zina volti za kutosha.

Fundi Mawimbi: Umezipima zikiwa zimetulia. Redio inaporusha, mkondo hupanda ghafla na volti hudidimia kwa kitambo kifupi, hasa kwenye betri za lithiamu zenye ukinzani mkubwa wa ndani. Pima wakati wa kurusha, ongeza kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji kwa muda mfupi) karibu na redio, na nodi iandike sababu ya kila kuwaka upya. Kuongeza nguvu ya kurusha kungelizidisha tatizo hilo.