Naomba ushauri: nafundisha hesabu Longido, mifano yangu haiwafikii watoto

Walimu wenzangu habarini, mi nafundisha hesabu darasa la 4 huku Longido, nimekulia Tanga kwahiyo mila za Kimaasai nilikua sizijui kabisa. Juzi nikauliza kwenu mna ng'ombe wangapi, darasa zima kimya! Mzee wa boma la jirani ndo akanielewesha kwamba mifugo haihesabiwi hivyo, ni mkosi, wao kila ng'ombe wanamjua kwa rangi na alama zake, akikosekana mmoja jioni wanajua tu. Imeniuma sana maana nilishawaona watoto wazito. Sasa nataka kina mama waje na shanga zao tufundishie maumbo na mafungu, ila nawaombaje bila kuwavunjia heshima, naanza kwa wazee au? Mliofundisha kwa wafugaji nisaidieni jamani.