Mdogo wangu anamwonea dada yetu wivu, nimsaidieje?

Bwana asifiwe wapendwa. Nipo hapa Kisumu na naomba ushauri wenu.

Dada zangu wawili walianza pamoja kuuza mitumba soko la Kibuye. Mkubwa amebarikiwa, sasa ana duka lake Kondele na watoto wake wako shule nzuri. Mdogo bado anatandika turubai chini. Majuzi alinililia akasema dada akisimama kutoa ushuhuda kanisani, yeye moyo unamchoma hadi anatoka nje. Anafunga na kuomba, wiki inapita, wivu unarudi. Hataki kuwa hivyo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nilimsomea Zaburi 73, pale Asafu anapokiri waziwazi kwamba aliona wivu mpaka alipoingia patakatifu pa Mungu. Ilimtuliza kidogo kujua mtu wa Mungu naye alipita hapo. Raheli pia alimwonea Lea wivu, na walikuwa ndugu wa damu.

Swali langu ni hili. Yakobo 5:16 inasema tuungamane dhambi. Je, amwambie dada mwenyewe? Dada hajamkosea lolote, tena ndiye humkopesha pesa za kufungua bale. Naogopa akijua ataumia, au aanze kuficha baraka zake. Au aungame kwa mama mchungaji tu, huku akijizoeza kumwombea dada kwa jina kila siku? Waliopitia jambo hili kwenu nyumbani, mlifanyaje?