Katuni ya joka la Ngosi: nichore upya au nipeleke fotokopi hivi hivi?

Kalamu ya Uporoto: Wakuu, naombeni ushauri. Katuni ina kurasa 24. Joka la Ziwa Ngosi hutimiza ombi lolote, ila mwombaji hulipa kwa kumbukumbu moja. Tusekile anaomba mdogo wake Lusajo apone, analipa kwa jina la huyo mdogo. Jina linamtoka kabisa, lakini kila jioni bado anamwekea kiazi kikubwa. Waliosoma wanalia hapo. Kasoro sasa: mikono mibovu, sura ya Tusekile inabadilikabadilika, joka linatokea ukurasa wa 9, wa 14 na 15 ni mzee anaeleza uganga tu, na wa 20 Tusekile anaita "Lusajo!"

Gangilonga: Usichore upya yote. Kinacholiza ni kile kiazi. Mikono ifiche kwenye kitenge au nyuma ya mzigo, basi. Katuni ya Kijapani Attack on Titan ilipoanza 2009 michoro ilikuwa ya kukwaruza, na watu waliifuata hadi ikaisha 2021. Sura ndiyo ya kurekebisha: mpe Tusekile kovu juu ya nyusi ya kushoto, lionekane kila boksi. Msomaji akisita kumtambua, machozi yanakauka.

Ukurasa wa 20 ndio unaoua hadithi. Bei ya joka ikirudishwa bure, kiazi kinabaki kiazi tu. Futa jina, acha kiputo cha maneno kitupu.

Fundi wa Mwanjelwa: Ukurasa wa 9 uko kulia, unatazamana na wa 8, kwa hiyo joka linaonekana kabla halijafikiwa. Ingiza ukurasa mmoja wa ukungu bila maneno, joka liangukie wa 10, likutwe baada ya kufunua. Mzee wa uganga mbane kwenye ukurasa mmoja (hata mmoja ni mwingi), jumla ibaki 24, yaani karatasi 6 za A4 zilizokunjwa. Kurasa zikiwa 25 hazikunjiki sawa. Chora kwenye A4, punguza kwa 71% iwe A5. Mistari inayotetema itatulia. Ukungu usipake kwa penseli, fotokopi huugeuza madoa. Piga nukta kwa kalamu ya ncha ya milimita 0.3, ziachane, maana zikipunguzwa hushikana.

Kalamu ya Uporoto: Ndaga, wakuu. Kiputo kitupu si wataona nimesahau maneno?

Gangilonga: Kikiwa kimoja, ndiyo. Weka viwili, boksi mbili mfululizo, cha pili kidogo zaidi, mikia yote iguse mdomo wa Tusekile. Boksi la tatu Lusajo anageuka.