Ghala la fremu za chuma kwenye udongo mweusi wa Ruai

Swali: Ndugu zangu, ninakusudia kujenga ghala la mahindi huko Ruai, mashariki mwa Nairobi, upana wa mita 15 na urefu wa mita 30, kwa fremu za chuma zinazotengenezwa kiwandani na kuungwa kwa bolti kiwanjani. Fundi wangu anasema kwamba, kwa kuwa jengo ni jepesi, msingi wa kawaida unatosha. Je, nimwamini?

Jibu la kwanza: Katika hilo usimwamini. Udongo mweusi wa upande huo hufura unapolowa na hupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo mhandisi aupime kwanza, kisha aamue kama utachimbwa hadi tabaka gumu. Tena wepesi wenyewe ndio hatari: upepo ukiingia mlangoni husukuma paa juu, na kinacholishikilia jengo ni uzito wa zege la msingi pamoja na bolti za nanga zilizozama ndani yake. Bolti hizo zikiwekwa kombo, nguzo hazikai. Nimeshuhudia kazi ikisimama wiki nzima kwa kosa hilo.

Jibu la pili: Naongeza la paa. Usiku wa Julai Nairobi ni baridi, na unyevu wa hewa ya ndani hugeuka matone chini ya mabati. Weka tabaka la kuzuia joto na matundu ya hewa, la sivyo mahindi yataota kuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

Mwuliza swali: Nashukuru sana. Sijawasilisha ramani kwa kaunti. Nitasubiri ripoti ya udongo.