Wiski ya miaka 18 iliyolala kabatini tangu 2006, sasa ina miaka mingapi?

Mzawa_Kibosho:
Wakuu, nisaidieni kabla ya Krismasi, maana tukishapanda Kibosho kesi hii lazima iibuke. Marehemu baba aliletewa wiski ya Uskoti ya miaka 18 mwaka 2006. Hakuifungua. Imelazwa kwenye kabati la sebuleni, kule kwenye vyombo vya wageni. Shemeji anasema ukijumlisha na miaka ya kabatini sasa inakaribia 40, tuiuze Arusha kwa watalii. Kasoma kuna chupa iliuzwa mamilioni ya pauni. Kaka mkubwa anasema imeshaharibika. Mimi nataka tuinywe.

Meku_wa_Pasua:
Mbege ikichacha siku ya tatu tunaimwaga, nyie mna chupa ya 2006! Mkikosa mnywaji niko hapa Pasua.

Kaunta_Njiro:
Nipo nyuma ya kaunta hapa Arusha, hizi chupa ndizo zinazonilisha. Mwambie shemeji aache hesabu. Umri wa wiski huhesabiwa ikiwa ndani ya pipa la mwaloni. Ikishatiwa chupani, imeganda hapo hapo. Yenu ni ya miaka 18 na itabaki ya 18.

Chupa aliyoisoma nadhani ni ile Macallan ya 1926, iliyouzwa London Novemba 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 2. Ilikaa pipani miaka 60, ikatiwa chupani 1986, chupa 40 tu. Imepita miaka mingapi tangu hapo? Na bado inaitwa ya miaka 60.

Kazi yote hufanywa na pipa. Kinachotoka kwenye mitungi ya shaba ni cheupe kama gongo, na hakina haki ya kuitwa wiski. Sheria ya Uskoti inataka kikae pipani angalau miaka 3, kule kule Uskoti. Mapipa mengi wanayanunua Marekani, kwa sababu bourbon, wiski ya kule, inatakiwa itiwe kwenye pipa jipya lililochomwa ndani, kwa hiyo likishatumika mara moja wanaliuza. Mbao zile zilizoungua ndizo zinazotoa rangi na ile harufu ya vanila.

Pipa nalo linavuja hewani. Uskoti hupotea kama asilimia 2 kila mwaka, wenyewe wanasema ni fungu la malaika. Lita 200 zikikaa miaka 18 zinabaki kama 140. Bei mnayoilalamikia sehemu yake ni hiyo.

Ila kitu kimoja leo leo: mpigie mama AISIMAMISHE hiyo chupa. Wiski si mvinyo. Ikilala, kilevi kinakula kizibo.

Mzawa_Kibosho:
Asante mkuu, imeshasimamishwa. Mama anasema imejaa hadi shingoni na kizibo hakivuji. Shemeji hajakata tamaa, sasa anataka tununue pipa dogo tuzeeshe ya kwetu, eti Kibosho kuna baridi kama Uskoti.

Kaunta_Njiro:
Ha! Baridi ya usiku ipo, lakini mchana jua linawaka. Joto linaharakisha kila kitu. Kule Bangalore, India, kiwanda cha wiski cha Amrut wanapoteza zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, ndiyo maana wanaitoa ikiwa changa na bado ina ladha nzito. Pipa dogo ndiyo balaa zaidi, wiski nyingi inagusana na mbao, utakuja kunywa mbao. Hata za Uskoti zikipitiliza 30 nyingine huwa chungu. Wageni wakiniuliza, nawaambia 18 ni umri mzuri kuliko 40, na si kwa sababu ya mfuko tu.

Kama imejaa hadi shingoni, inaelekea haijaharibika. Kaka atulie.

Siku ya kufungua, zungusha kizibo taratibu, cha zamani hukatika. Kikikatika, pitisha kwenye chujio la chai. Glasi iwe ndogo, yenye tumbo na mdomo mwembamba. Nusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo, la sivyo itakuchoma pua. Onja kavu, kisha dondosha matone machache ya maji, unuse tena, utaona inavyofunguka. Barafu hapana, inaua harufu. Na inyweni kabla ya ndafu, ulimi haujapata mafuta.

Meku_wa_Pasua:
Tarehe ngapi mnapanda?

Mzawa_Kibosho:
Tarehe 23. Meku, njoo na glasi yako.