Mkandarasi alituachia mfumo wa kusakinisha seva bila kizuizi chochote, na diski yetu ya data imefutwa

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitaeleza kwa utaratibu ili mwenye ujuzi wa mambo haya apime mwenyewe kama ninamwonea mtu. Miezi mitatu iliyopita ofisi yetu ilimlipa mkandarasi atuwekee mfumo wa kusakinisha Ubuntu 22.04 (mfumo endeshi) kwenye seva bila mtu kukaa mbele ya skrini: mashine inawashwa, inapewa anwani na DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao), inavuta kerneli (kiini cha mfumo) kwa TFTP (huduma ya kugawa mafaili mtandaoni), kisha inasoma majibu yote ya usakinishaji kwenye faili la user-data. Siku ya makabidhiano kila kitu kilikwenda sawa, nasi tukatia saini.

Usiku wa Jumamosi umeme ulikatika, betri za akiba zikaisha, na uliporudi alfajiri seva zetu nne zilijiwasha zenyewe. Jumatatu asubuhi nilizikuta katikati ya usakinishaji. Zilikuwa zikijisakinisha, zikijizima na kujiwasha, kisha zikianza tena mwanzo, tangu Jumapili, na hakuna mtu aliyegusa kitufe.

Nimetumia siku mbili kufuatilia chanzo. Mkandarasi alipanga seva zote zinapowaka zitafute mtandao kabla ya diski, na alipomaliza kazi hakurudisha mpangilio huo. Kilichotulinda kwa miezi mitatu ni kwamba aliizima huduma ya TFTP kwa mkono, bila kuiondoa kwenye orodha ya huduma zinazoanza pamoja na mashine. Kompyuta ndogo inayotoa huduma hiyo ilipowaka baada ya umeme kurudi, huduma nayo ikaamka. Na kwa kuwa kompyuta hiyo huwaka haraka kuliko seva, ambazo huchukua dakika kadhaa kujikagua, zilipouliza mtandaoni zilikuta jibu linazisubiri. PXELINUX, programu inayoiwasha mashine kupitia mtandao, hutafuta kwanza mafaili ya mashine husika, likiwemo lenye anwani yake ya MAC (namba ya kadi yake ya mtandao), na ikiyakosa yote ndipo husoma faili la default, yaani la mashine yoyote. Angeweza kuziandikia mashine nne mafaili yao, na kuliacha lile la default liielekeze mashine kwenye diski yake. Hakufanya hivyo, usakinishaji ndio alioufanya chaguo la kila mashine itakayopita.

Linaloniuma zaidi ni hili. Waliotengeneza kisakinishi hiki waliiona hatari hiyo mapema: neno autoinstall lisipokuwepo kwenye mstari wa kerneli (maagizo inayopewa inapoanza), kisakinishi husimama na kuuliza kama kweli kiendelee, na hakigusi diski mpaka mtu ajibu. Kuliweka neno hilo ni kuondoa kizuizi cha mwisho, na anayekiondoa ana wajibu wa kuweka kingine mahali pake. Yeye aliliweka, tena kwenye faili la default, na katika hati ya makabidhiano, yenye kurasa kumi na moja, hakuna sentensi hata moja inayolitaja.

Seva tatu kati ya hizo hazikuwa na kitu ambacho hatuwezi kukijenga upya. Ya nne ina diski ndogo ya mfumo na diski ya TB 4 yenye mafaili ya ofisi nzima. Mpangilio wa LVM (mfumo wa kugawa nafasi ya diski) usipotajiwa diski huchukua ile iliyo kubwa kuliko zote, na katika faili lake hakutaja namba ya usajili ya diski yoyote, ingawa ni mistari miwili tu. Kwa hiyo diski ndogo imebaki salama, na ile ya data ndiyo iliyopangwa upya. Nakala rudufu yetu ya mwisho ni ya siku kumi na moja kabla. Hilo ni jukumu letu na silikwepi. (Nenosiri la msimamizi nalo ni moja kwa seva zote, na faili lenye alama zake zilizofumbwa (hash) linasomeka na yeyote aliye kwenye mtandao wa ofisi. Hilo tutalidai kwa barua yake.)

Nilipompigia simu alijibu kwamba kosa ni la umeme, na kwamba yuko tayari kuja kusakinisha upya kwa nusu ya bei. Tumekataa. Tunamtaka agharimie urejeshaji wa data na aandike upya hati ya makabidhiano, na hatutamruhusu kugusa mashine yoyote kabla ya hapo.

Kwa wenye uzoefu, ninaomba msaada: diski ya data ilikuwa na ext4 (mfumo wa kupanga mafaili) moja kwa moja, bila LVM. Mfumo mpya umejitengea GB 100 tu za kundi la LVM (nafasi yote iliyokabidhiwa LVM), na sehemu kubwa iliyobaki naamini haijaandikwa. Nimeichomoa tangu Jumatatu na ninaandaa diski ya pili ili nifanye nakala kamili kabla ya jaribio lolote. Aliyewahi kurejesha ext4 katika hali hii anieleze alianzia wapi.